Nianzie Mombasa tena, au nianzie Tanga nilipokomea?

Safu ya Tairi Mbili. Maswali ya wasomaji kuhusu baiskeli na safari hujibiwa na karani mstaafu wa bandari, Mombasa.

SWALI

Assalaam aleykum mzee wetu, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, duka langu liko Bondeni, na umri wangu ni miaka 54. Januari 2018 nilifunga mizigo juu ya baiskeli nikavuka feri ya Likoni, nia yangu nifike Kilwa. Tangu nikiwa chuoni maalim wetu alikuwa akitusimulia habari za Ibn Battuta, kwamba mwaka 1331 alilala usiku mmoja hapa kwetu Mombasa kisha akashika njia ya Kilwa. Nikasema moyoni, iko siku na mimi nitakwenda, yeye kwa jahazi na mimi kwa baiskeli. Siku ya nne nikaingia Tanga. Usiku huo huo nikapigiwa simu: mama ameteleza bafuni, amevunjika nyonga. Baiskeli nikaiacha kwa mwenyeji wangu Ngamiani, nikarudi kwa basi la alfajiri.

Mama hakusimama tena. Miaka saba tumemuuguza mimi na dada yangu kwa zamu. Mwisho mwisho akili yake ilikuwa ikienda na kurudi, lakini kila asubuhi nikimpelekea uji huniuliza, "Umefika Kilwa?" Nami humjibu, "Bado mama, nimepumzika." Amefariki mwezi wa Julai. Arobaini imepita.

Baiskeli nililetewa zamani juu ya basi. Ipo chini ya ngazi, imefunikwa gunia. Ni ya chuma, ina giya, tairi zimelala. Sasa nauliza: nianze upya hapa Mombasa ili safari iwe moja kamili, au nipande basi mpaka Tanga niendelee? Mwili huu wa kukaa kwenye cherehani utaweza? Na la tatu naona haya kulisema. Nahisi kama kwamba nilikuwa nikingoja mama afe ndipo nipate nafasi. Wanangu wanacheka, mke wangu amenyamaza. Nifanyeje?

Fundi wa Bondeni

JIBU

Waaleykum salaam ndugu yangu, marahaba. Mungu amrehemu mama, na akulipe wewe na dada yako.

Nitaanza na lile unaloliona haya, maana hayo mengine ni ya spana na grisi. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale pale penye uji. Mtu anayengoja mama yake afe hamwambii kila kukicha kwamba amepumzika. Angemwambia ameacha, au angebadilisha maneno. Wewe ulimpa neno la msafiri, naye akalipokea, na kesho yake akauliza tena. Mzee aliyesahau mengi, pengine hata majina ya wajukuu, hilo la Kilwa hakulisahau. Unaniuliza mimi kama una ruhusa ya kuondoka. Mtu wa kwanza kuiulizia safari hii alikuwa mama yako, na bado hajajibiwa.

Kuhusu mkeo, usidhani kunyamaza kwake ni kukataa. Aliyeolewa katika nyumba yenye mgonjwa wa miaka saba naye ameuguza, hata kama zamu haikuandikwa jina lake. Kaa naye jioni moja, mkiwa wawili, umtajie utalala wapi usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, na kwamba kila magharibi utampigia simu. Kisha muulize yeye angependa kupumzika wapi, na kwa muda gani. Hilo lipange kabla ya lako.

Sasa swali la wapi uanzie. Hapa nina jambo langu mwenyewe la kukueleza, maana nililikosea.

Mwaka 2009 niliondoka Mombasa kwenda Moshi kwa baiskeli. Nilikuwa na daftari, kwa sababu karani wa bandarini hawezi kutembea bila daftari, na kila mahali niliandika saa: Makupa saa kumi na mbili kasorobo, Mazeras saa mbili na robo, Mariakani saa tatu. Nilifika Mackinnon Road, kama kilomita 100 kutoka hapa, nikiwa nimekaa kivulini karibu na ule msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, ndipo simu ikalia. Mke wangu amepatwa na kiharusi. Nikarudi, na baiskeli ikakaa ushorobani kwetu miaka saba, sawa na yako.

Alipopata nafuu akawa anatembea kwa mkongojo, ndiye aliyenisukuma. Akaniambia, "Baiskeli hiyo yakutazama kila uendapo chooni. Nenda kaimalize." Basi 2016 nikaamua nitafanya kwa ukamilifu: nitaanzia mlangoni kwangu, nipite njia ile ile, ili iwe safari moja isiyo na kiraka. Na daftari la 2009 nikalitia mkobani.

Lile daftari ndilo lililoniua. Mazeras nilifika saa tatu u nusu. Nikafungua ukurasa, nikaona mwenzangu wa zamani alishafika na kuondoka saa nzima na zaidi kabla yangu. Nikakanyaga kwa hasira kumfukuza. Kila kilima nilikuwa nashindana na mtu ambaye ni mimi, ana miaka 7 pungufu, hana kitambi, hajalala hospitalini kwenye kiti cha plastiki. Mariakani goti la kulia likaanza kuuma. Samburu, hii yetu ya Kwale, nikashuka nikakaa chini ya mkwaju, nikalia. Nikarudi nyumbani juu ya pikapu ya makaa. Watu walidhani nimeshindwa na milima, na milima haikuwa na kosa lolote.

Mwaka 2018 nikafanya vingine. Nilipanda matatu, baiskeli juu, nikashuka Mackinnon Road penyewe. Nikaswali rakaa mbili pale msikitini, nikajaza maji, nikaiweka tairi ya mbele barabarani mahali nilipokuwa nimekaa simu ilipolia. Daftari nililiacha nyumbani. Barabara ya mbele yangu sikuwa nimewahi kuipita kwa baiskeli, kwa hivyo hapakuwa na mtu wa kunitangulia. Siku hiyo nikalala Voi. Siku ya nne nilikuwa Moshi, baada ya Mwatate na Taveta, na tembo watatu wa Tsavo waliovuka barabara huku mimi na dereva mmoja wa lori tukingoja tumesimama bega kwa bega.

Kwa hivyo nakwambia: anzia Tanga. Kilomita za Likoni, Msambweni, Lunga Lunga na Horohoro ulikwisha kuzipanda, na ni zako. Hakuna anayeweza kukunyang'anya. Ukizirudia sasa utakutana na yule fundi wa miaka 47 kila penye mnazi, na atakushinda. Tena huyo Ibn Battuta wako alikuwa na ada ya kutorudia njia aliyokwisha kuipita, kila alipoweza. Na safari yake usidhani ilikwenda mfululizo. Alitoka Tangier mwaka 1325, lakini huko Delhi alikaa miaka kadhaa akiwa kadhi, kisha akawa kadhi tena Maldives, akaoa, akaachana, ndipo akaendelea. Hakuna anayesema safari ile ilikatika.

Ukifika Tanga usianzie stendi. Nenda mpaka Ngamiani, mlangoni kwa mwenyeji wako, uondokee hapo. Kama yu hai mpelekee zawadi, shona kanzu.

Kuhusu basi lenyewe, ning'oe neno moja. Baiskeli yangu iliwahi kurudishwa chini ya magunia ya vitunguu, ikafika foki imepinda na mkono wa giya umeng'oka, na kondakta akaniambia ni bahati mbaya. Kwa hivyo fungua tairi ya mbele uifunge kando ya fremu, ng'oa pedali, na ule mkono wa giya wa nyuma ufungue skrubu yake uufunge ndani ya fremu kwa kitambaa. Uone kwa macho yako inapowekwa, na ilipie kama mzigo upewe risiti.

Baiskeli itoe chini ya ngazi leo hii, lakini usiipande. Ipindue isimame kwa siti na usukani. Bonyeza ubavu wa tairi kwa dole gumba. Ukiona nyufa ndogo ndogo kama ganda la muhogo uliokauka, tairi hiyo imekwisha hata kama haijatembea. Mpira huzeeka kwa hewa na joto tu. Nunua tairi mbili, na tyubu nne: mbili za kuvaa, mbili za mkobani.

Cheni ipime. Wewe ni mtu wa vipimo, lakini utepe wa dukani uache, hulegea. Tumia rula ya chuma. Weka sifuri katikati ya pini moja, kisha hesabu pini 24 kwenda mbele. Kwenye cheni nzima, pini ya 24 hukaa juu ya inchi 12 kamili. Ikiwa imezidi kwa nusu ya thumni ya inchi, badili cheni. Ikiwa imezidi thumni nzima, basi na meno ya nyuma yamelika, badili vyote pamoja, la sivyo cheni mpya itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Ikiwa imeshikana kwa kutu usihangaike kupima, itupe.

Habu ndipo penye siri. Baiskeli ya kisiwani, hata ikiwa ndani ya nyumba, hula chumvi ya bahari. Nilipofungua habu yangu ya nyuma baada ya ile miaka saba, grisi ilikuwa imegeuka kama halua iliyosahauliwa kabatini, nyeusi, inakatika kwa kisu. Nilizimwaga golori kwenye sahani ya bati, nikazisugua kwa mafuta ya taa, na mbili kati yake zikawa na vidoa vyekundu vya kutu, vidogo kama tundu la sindano. Unaweza kuzitazama ukasema hazina neno. Golori yenye kidoa hula kikombe chake kidogo kidogo, na siku itakapopasuka utakuwa porini. Badili zote, ni kitu cha bei ndogo, tia grisi mpya, kaza mpaka gurudumu lizunguke bila kutikisika wala kugoma. Fanya hivyo mbele, nyuma, na penye pedali.

Waya za breki na raba zake usizipime, badili. Spoki zipige kwa ukucha moja moja kama nyuzi za gambusi. Za upande mmoja sauti zinapaswa kukaribiana, na ile inayolia kwa uzito imelegea. Fundi mzuri wa Mwembe Tayari atamaliza yote kwa siku moja, lakini usimwachie ukaenda zako. Kaa kwenye kibao chake, utazame, umwombe akuachie gurudumu moja ulifanye mwenyewe. Huko mbele ya Segera hutamwona. Kisha iendeshe hapa mjini wiki mbili kabla ya kuiamini, kwa sababu waya mpya hulegea na spoki zilizokazwa hujipanga, na zote zitataka kukazwa tena.

Mwili nao si chuma. Kabla ya lolote nenda kapimwe presha na sukari. Umri wetu huu huficha mambo, na mtu aliyeuguza miaka mingi mara nyingi hajajitazama mwenyewe. Ukipewa ruhusa, anza na nusu saa, siku moja ndiyo siku moja siyo, alfajiri, Daraja la Nyali kwenda na kurudi. Wiki ya nne fika Mtwapa. Baadaye panda Mazeras mara moja kwa wiki, utoke mapema kabla malori hayajajaa. Mwezi wa Desemba funga mizigo yote, nenda Kilifi, kilomita 60, ulale huko, urudi kesho yake. Usiku wa Kilifi ndio utakaokwambia kama uko tayari, zaidi ya mchana wake: ukiamka ukaona unaweza kukaa tena kwenye siti, nenda Tanga.

Tahadhari moja kubwa. Pumzi hurudi upesi kuliko magoti. Wiki ya tano utajihisi barobaro, kifua kimefunguka, na hapo ndipo watu huumia, kwa sababu kano za goti bado zimelala. Tumia giya nyepesi, zungusha miguu upesi upesi, usisukume kwa nguvu. Na siti ipandishe: ukiweka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Siti ya chini ndiyo inayoharibu magoti ya wengi wanaorudi.

Na makalio. Hapa una neema ambayo mimi sikuwa nayo. Suruali ya kawaida ina mishono minne inayokutana pale pale unapokalia, na ndiyo inayochubua. Jishonee yako, tia kipande cha umbo la almasi hapo katikati ili mishono ihame kwenda pembeni, kitambaa laini kinachovuta kidogo, mshono uwe bapa. Shona mbili, moja ikauke wakati nyingine imevaliwa. Zikikufaa, nishonee na mimi, nitalipa.

Sasa upepo, ambao ndio utakaokupangia siku. Naandika haya Septemba, kusi ingali ikivuma. Ukitoka Tanga kwenda kusini leo, utakuwa unapanda kilima kisichoonekana kutwa nzima. Wazee wetu wa majahazi hawakulazimisha: waliokwenda upande wa Kilwa walingoja kaskazi, inayoanza kushika Desemba na kuvuma mpaka Machi. Wewe vilevile. Vuli iache ipite, jiandae, ondoka mwanzo wa Januari, na uwe umefika kabla masika haijafungua, maana ikishaanguka Machi na Aprili barabara za kusini hupitiwa kwa taabu.

Lakini nisikudanganye kuhusu kaskazi. Inakusukuma, ndiyo, ila ni msimu wa joto kali, na upepo wa mgongoni unaokwenda mwendo wako huuhisi. Jasho halikauki. Mtu hudhani hewa imesimama, kumbe anatembea nayo. Ndivyo watu wanavyoanguka kwa jua bila kujua. Ondoka kukipambazuka, saa kumi na mbili, ukifika saa tano uwe kivulini, na usitoke tena kabla ya saa tisa u nusu. Kunywa maji yasiyopungua nusu lita kwa saa, hata kama huna kiu. Jioni changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote bapa visijae, unywe polepole. Dafu nalo zuri, nani atalikataa, lakini chumvi uliyoitoa kwa jasho lina kidogo.

Siku ya kwanza kutoka Tanga iishie Muheza, haifiki kilomita 50, ule machungwa, ulale. Hata kama saa nne umeshafika na miguu inataka kuendelea, lala. Kesho Segera, ambapo njia yako inakutana na barabara kuu inayotoka Moshi, na hapo mabasi ya Dar es Salaam hayana mchezo. Weka kioo kwenye usukani, vaa kitu cha rangi kali, na ukisikia basi nyuma na lingine mbele, toka nje ya lami ungoje yapishane. Usiku usitembee kabisa. Ukifika Msata acha njia ya Chalinze, kata kushoto barabara ya Bagamoyo. Ni kilomita 64, ina magari machache, na itakurudisha baharini. Utasikia watu wakikwambia upite Pangani, uvuke kivuko kwenda Bweni na kuteremka na pwani. Njia hiyo ni nzuri, lakini inapita upande wa Hifadhi ya Saadani na wanyama wapo, kwa hivyo uulize Pangani penyewe kabla ya kuvuka.

Baada ya Dar es Salaam kuna Kibiti, kisha Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji. Kabla halijafunguliwa mwaka 2003 watu walivuka kwa kivuko, na mto ukijaa walilala kando yake siku nyingi. Wewe utalipita kwa dakika chache, kwa hivyo simama katikati uutazame. Nangurukuru utakata kushoto kwenda Kilwa Masoko. Baiskeli itabaki Masoko, na kisiwani utavuka kwa mashua, jambo ambalo naona linafaa sana.

Pasi itazame mapema. Zile za zamani zisizo za kielektroniki zimeondolewa, na kuomba mpya huchukua muda. Kadi ya homa ya manjano uliyokuwa nayo 2018 usiitupe. Tangu 2016 chanjo moja huhesabika kwa maisha yote.

Daftari nunua jipya. Usiandike saa. Andika ulichokula, na aliyekupa maji.

SWALI

Shikamoo babu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Mtwapa. Kabla ya kujifungua nilianza safari ya baiskeli kwenda Malindi kwa shangazi yangu, nikaishia Kilifi kwa sababu nilianza kutapika, na kumbe nilikuwa mjamzito. Mtoto sasa ana miaka minne na anaweza kukaa kwa bibi yake siku mbili. Nataka kumalizia kipande cha Kilifi hadi Malindi. Navaa buibui na sitaki kulivua, lakini mara mbili limeingia kwenye cheni. Na je, nisubiri Januari watu wengi wanavyosema?

Mama Mtoto, Mtwapa

JIBU

Marahaba mwanangu. Buibui lisikuzuie. Mwambie fundi akufungie kava kamili ya cheni, ile ya bati inayofunika juu na chini kama za baiskeli kubwa za zamani, na gurudumu la nyuma alisuke wavu wa uzi kutoka habu mpaka kwenye madigadi, pande zote mbili, kwa kuwa nguo ikikosa cheni huingia kwenye spoki. Wewe mwenyewe shona vifungo viwili upindoni, kimoja kila upande, uufunge kwenye kifundo cha mguu ukiwa juu ya baiskeli. Mtandio uchomekwe ndani.

Kilifi hadi Malindi ni kama kilomita 60, karibu tambarare, na sehemu kubwa msitu wa Arabuko-Sokoke uko mkono wako wa kushoto. Kama mwili haujazoea, igawe: siku ya kwanza fika Gede, kilomita 40 na kitu, ulale kwa watu unaowaamini au Watamu, asubuhi uzuru magofu, ambayo tangu 2024 yamo katika urithi wa dunia, kisha Malindi imebaki kama saa moja na nusu. Nenda ukiwa na mwenzako kama yupo.

Ila Januari usingoje. Hiyo ni ya fundi wa hapo juu, anayekwenda kusini. Wewe unakwenda kaskazini, na kusi hii hii ninayomzuia nayo ndiyo ya kukusukuma wewe. Imeanza kulegea, kwa hivyo mwone fundi kesho, na wiki ijayo mpeleke mtoto kwa bibi yake. Ukifika kwa shangazi niandikie.